Wiki sita Salamanca: Kihispania nilikipata kwenye meza ya bibi mmoja, Kiingereza kilikuwa kinanichelewesha tu

#1 Ngosha wa Igoma

Mwangaluka wakuu.

Kuna kijana aliuliza humu lugha gani ya tatu inalipa kwa sisi tunaozungusha wageni, nikamwahidi kwamba nikipata wasaa nitashusha uzi. Leo mvua inanyesha Igoma toka alfajiri, gari iko kwa fundi, mama watoto kaenda msibani Kisesa. Nina siku nzima. Wenye haraka wapite salama.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, mwaka wa tisa huu. Nachukua wageni uwanja wa ndege Mwanza, tunakata Magu, Lamadi, tunaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Mwezi wa 8 gari langu hujaa Wahispania, maana ndio mwezi nchi yao nzima inafunga maduka na kwenda likizo. Sasa Mjerumani hata Kiingereza chake kikiwa kibovu atakisema hivyo hivyo. Hawa wangu wengi hawasemi kabisa. Mnakaa saa sita ndani ya gari, wao nyuma wanacheka, wewe mbele unanyoosha kidole kama bubu. Siku ya kuagana bakshishi nono inakwenda kwa mwenzako aliyekariri maneno hamsini. Misimu miwili hilo liliniuma.

Mwezi wa 4 na wa 5 kwetu ni mvua, kazi hakuna. Nikajisomea kwenye simu miezi minane, nikauza pikipiki, nikachanganya na akiba, nikaenda Salamanca, mji wa Hispania, wiki sita. Asubuhi darasani, mchana na usiku kwenye nyumba ya familia, jioni na Jumamosi kutembea.

Kabla sijaenda mbali niseme lililonileta hapa, msije mkachoka mkaliacha: Mswahili asikifuate Kihispania kupitia Kiingereza. Wiki mbili za mwanzo nilizitupa hivyo. Nitawaonyesha.

#2 Dagaa Kauzu

Nimeweka kambi. Ila mkuu isije ikawa chai hii. Pikipiki moja ikupeleke Ulaya wiki sita? Tupe hesabu.

#3 Ngosha wa Igoma

Dagaa, hesabu hii hapa, na ni yangu mimi. Shule yako itakuwa na bei yake. Masomo saa 20 kwa wiki nililipa euro 190, familia na milo yote mitatu euro 230. Zidisha kwa sita unapata euro 2,520. Siku niliyobadilisha, euro moja ilikuwa kwenye shilingi 2,900. Tiketi ya ndege kupitia Addis Ababa hadi Madrid ikanila 2.6M. Ada ya viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90, ukinyimwa hairudi. Weka bima, basi, na pesa ya kahawa. Nilikanyaga milioni 11 na ushee. Pikipiki ilikuwa sehemu ndogo tu, nyingine ni miaka mitatu ya bakshishi za dola nilizokuwa namkabidhi mama watoto ili nisizione.

Viza nisiikalie sana. Maombi unapeleka Dar mwenyewe kwa miguu yako, kwa sababu wanachukua alama za vidole. Barua ya shule, barua ya mahali utakapolala, taarifa ya benki, tiketi ya kurudi, barua ya kazi, bima. Bima lazima ianzie euro 30,000 na ifunike siku zote za safari. Mimi wakala aliyenikatia bima aliandika siku 41, safari yangu ilikuwa siku 42. Siku moja! Nikapanda basi Nyegezi mara ya pili. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, na usipungukiwe siku 15. Wewe nenda mapema. Kozi ikizidi siku 90 hiyo si Schengen ya kawaida tena, ni viza ya masomo, ina makaratasi yake na subira yake.

Mbona Salamanca? Mgeni wangu mmoja, mwalimu, aliniambia Madrid utalipa zaidi na utapotea. Salamanca ni mji wa wanafunzi, chuo kikuu chao kipo tangu 1218, na watu wamezoea wageni wanaotafuna maneno. Wana methali: alichokunyima Mungu, Salamanca haikukopeshi. Wao wanasema "natura", lakini mnanielewa.

#4 Binti Bwiru

Kaka shikamoo. Nasubiri habari ya hiyo familia. Mimi ni msichana, wazazi wangu wakisikia nakwenda kulala kwa watu wasiowajua ndiyo safari imekufa hapo hapo. Watu wenyewe wakoje?

#5 Ngosha wa Igoma

Marahaba mdogo wangu. Hapo ndipo penye utamu, ngoja nivute kiti.

Familia yangu ilikuwa bibi mmoja wa miaka 71, mjane. Binti yake anakaa mtaa wa pili, anakuja na wajukuu Jumapili. Shule ndiyo inayompanga mgeni, unajaza fomu: unavuta sigara, una mzio, unaogopa mbwa, unataka mtoto au hutaki. Binti, wewe andika wazi unataka nyumba ya mama na mabinti, wamezoea kuulizwa. Nilipewa funguo mbili, chumba, kabati, taulo. Kufua mara moja kwa wiki, anafua yeye. Jikoni usiingie, jiko ni lake. Kuoga ni dakika tano, maji ya moto ni gharama. Ukizidisha anakohoa mlangoni. Kukanyaga sakafu miguu mitupu ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kurudi. Alininunulia ndala za manyoya za buluu, namba 42, mimi navaa 44. Nimezivaa wiki sita kisigino kikiwa nje.

Baridi je? Salamanca iko kwenye mita 800 juu ya bahari, ziwa letu liko juu ya mita 1,100. Kwa hesabu sisi ndio tuko mlimani. Lakini asubuhi ya mwezi wa 4 kule utatafuta jaketi lako la Ngorongoro. Chini ya meza ya kulia ana kihita, juu kitambaa kizito kinafunika mpaka magotini, mnaingiza miguu humo mnakula. Nilipoonja hilo nilielewa kwa nini wale watu hawatoki mezani.

Siku ya kwanza nikakwama kwenye heshima. Mama wa miaka 71, mimi nimelelewa Kisukuma, mkono nyuma na goti linainama lenyewe. Kihispania kina "usted" ya heshima, nikaishika. Kila sentensi usted. Siku ya tatu akagonga meza: niite "tú", usinizeeshe. Nikajaribu, ulimi ukagoma. Ni sawa na uambiwe umsalimie bibi yako "mambo vipi". Tukaafikiana hivi: mimi nitasema tú, lakini asubuhi nitamwamkia shikamoo, na yeye ajibu. Akawa anajibu "maraaba" na ile h haipo, maana kwao h ni pambo tu, haitamkwi. Kwa j ndiyo wana kha, ya kheri kabisa.

Sasa saa. Usiku wa pili ananiuliza kwetu tunakula saa ngapi. Kichwani nina saa mbili. Nikasema "a las dos". Kijiko kikatua. Saa nane ya usiku, watoto wanakula saa nane ya usiku! Nikaona anawaonea huruma watoto wangu. Ilibidi nichukue saa ya ukutani nimwonyeshe kwamba sisi tunasoma upande wa pili wa mshale, tunaanza kuhesabu jua likitoka. Akaniuliza, na jua likitoka saa nyingine? Nikamwambia kwetu halitoki saa nyingine. Hapo akawa ananitazama yeye kama mimi ndiye chai. Na kweli, nilikuja kumwelewa mwezi wa 5, saa tatu usiku jua liko ukutani na watu ndiyo kwanza wanawaza chakula.

#6 Dagaa Kauzu

Haha, kisigino nje wiki sita. Endelea mkuu, chai imekuwa uji sasa, inashiba.

#7 Ngosha wa Igoma

Nije kwenye lugha yenyewe.

Nyumba ile chumba cha pili alikuwepo kijana wa Kijerumani. Kijana mzuri, lakini alinipoteza. Darasani mwalimu anafundisha Kihispania kwa Kihispania, sawa, ila sisi wanafunzi tukitoka nje tunaparamia Kiingereza. Nyumbani hivyo hivyo, mimi na Mjerumani tunaongea Kiingereza juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Yeye hagombi. Kila tukianza anachukua rimoti anapandisha sauti ya televisheni. Tukizidi, anazidisha. Kuna usiku tuliangalia mashindano ya maswali na majibu kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Na daftari langu lilikuwa na safu mbili: kushoto Kiingereza, kulia Kihispania. Jioni moja, Mjerumani keshaondoka, bibi akalichukua, akavaa miwani, akafunua. Hii ni nini? Nikasema Kiingereza. Lugha yako si unaniambia ni Kiswahili? Ndiyo. "¿Y la tuya dónde está?" Na yako iko wapi?

Sikuwa na jibu. Nikachora mstari, nikaweka safu ya tatu. Baada ya siku nne hivi nikaikata ile ya Kiingereza kwa wino.

Angalieni mambo yaliyojitokeza.

Mwalimu alitumia siku mbili kueleza "ser" na "estar". Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, ndiyo maana Wamarekani darasani walikuwa wanalia. Mimi na Kiingereza changu cha kuazima nikalia nao. Halafu nikaandika Kiswahili: mimi ni Msukuma, mimi ni dereva. Soy. Niko Salamanca, niko sawa, niko hoi. Estoy. Ni na niko! Nilikuwa nayo mdomoni toka nikiwa naangua maembe. Haiendi hivyo kila mahali, ila inakufikisha mbali sana.

Hablo, hablas, habla. Mtendaji yuko ndani ya kitenzi, huna haja ya kusema mimi, wewe, yeye. Nasema, unasema, anasema. Sisi tunamweka kichwani, wao wanamweka mkiani. "Te quiero": te inatangulia mzizi kama ku inavyotangulia kwenye nakupenda. Wanalalamika eti majina yao yana jinsia mbili na kila sifa lazima ikubaliane. Mbili! Los libros pequeños, vitabu vidogo. Mtu aliyekulia kwenye m-wa, ki-vi na li-ya unamtisha na mbili?

Halafu ile iliyonifanya nicheke darasani peke yangu. Wiki ya tano mwalimu analeta kitu wanachokiita "subjuntivo", kabla hajaanza anaomba radhi, eti hapa wengi hukata tamaa. Kitenzi kinabadilika ukitaka mtu afanye jambo. Habla, anasema. Quiero que hable, nataka aseme. Mnaona? A inageuka e. Asema, aseme. Habla, hable. Herufi ile ile, kazi ile ile. Si vitenzi vyote, vingine vinakwenda kinyume, e au i inakuwa a. Lakini wazo lenyewe mtoto wa Buzuruga analo toka chekechea: nataka ule, nataka ulale, nataka unyamaze.

Maneno nayo. Waarabu waliingia nchi ile mwaka 711, na mfalme wa mwisho Mwislamu aliondoka Granada 1492. Kwetu Kiarabu kiliingia pwani kwa majahazi. Kwa hiyo tumekutana mbele ya safari bila kujuana. Azúcar ni sukari. Aceituna, zeituni. Azafrán, zafarani. Mezquita ni msikiti. Meya wao wanamwita alcalde, asili yake kadhi. Mezquino ni maskini yetu, ila kwao imekuja kuwa mtu bahili. Tarifa, taarifa, kwao ni orodha ya bei. Hata ile "hasta mañana" mnayoisikia kwenye filamu, hasta ni "hata" ya hadithi za sungura, hata siku moja, maana yake mpaka. Ongeza tuliyoachiwa na Wareno, ambao lugha yao na hii ni ndugu wa tumbo moja: mesa, bandera, bomba, padre, vino. Meza, bendera, bomba, padri, mvinyo. Irabu zao ni tano, a e i o u, kama zetu bila kupinda. Z yao ya Castilla, upande huo wa Salamanca, ni th ya thelathini. Mkenya au Mtanzania akisoma gazeti lao kwa sauti, hata asipoelewa kitu, mzee aliyekaa jirani anaelewa.

#8 Mzee wa Pasiansi

Nimesoma yote. Mimi nilipelekwa Kuba kusoma miaka ya 80, kijana wa miaka ishirini. Usemayo ni kweli, sisi tulishika haraka kuliko wenzetu wa Ulaya mashariki. Ila wajulishe vijana kwamba hiyo th ni ya Hispania tu. Kuba na Amerika yote ya Kilatini ni s, na s yenyewe mwisho wa neno Mkuba anaimeza. Mimi nikiongea na wageni wako wa Madrid wanacheka, wananiuliza nimejifunzia Havana? Nasema ndiyo, na nimekatia miwa huko. Pia wasisahau Guinea ya Ikweta, ni Afrika hapa hapa na Kihispania ni lugha rasmi.

#9 Ngosha wa Igoma

Shikamoo mzee wangu. Siku ukinikaribisha Pasiansi nakuja na sato wawili, tuongee hicho cha Havana.

#10 Kagoma Mkweli

Msukuma kuongea Kihispania, hiyo r mliipata wapi? Au ndiyo "Salamanka laha sana"?

#11 Ngosha wa Igoma

Nilikuwa nakusubiri wewe. Nakiri, na sitarudia.

Kuna pelo, nywele. Kuna pero, lakini. Kuna perro, mbwa, r inapigwa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nimeingia kinyozi, nimejipanga njiani sentensi nzima: "Quiero cortarme el pelo". Nimekaa, kitambaa shingoni, nikasema nataka kukatwa mbwa. Kinyozi akatazama chini ya kiti. Mzee aliyekuwa anasubiri zamu akasema, mpole tu bila kucheka: mbwa umemwacha nje? Nikarudia, ikatoka "pero". Nataka kukatwa lakini. Mwisho nikashika nywele. Bibi alipopata habari alinikalisha kila jioni na perro, carro, tierra, mpaka jirani akagonga ukuta.

#12 Msabato Musoma

Mkuu chakula vipi? Nasikia kule nguruwe ananing'inia madukani. Sisi wengine imani haituruhusu.

#13 Ngosha wa Igoma

Ananing'inia kweli, mguu mzima na kwato yake, unakatwa vipande vyembamba kama karatasi. Wewe andika kwenye fomu mapema "sin cerdo", bila nguruwe, na ukifika urudie mwenyewe, kwa sababu wengine wanadhani vipande vidogo kwenye dengu si nyama, ni kiungo. Darasani tulikuwa na Mwislamu wa Senegal, familia yake ilimpikia kuku na samaki wiki zote hakuna shida.

Asubuhi ni mkate uliobanikwa, unamiminiwa mafuta ya zeituni mabichi na nyanya iliyosagwa. Nilidharau, leo nayatafuta hayo mafuta Mwanza kwa bei ya kuumiza. Chakula kikuu ni saa nane na nusu mchana: dengu, njegere, samaki, supu. Mkate mezani saa zote, kama ugali unavyokuwepo kwetu hata kama kuna wali. Na usiku wa kwanza kabisa, wakuu, aliweka mezani sahani ya mviringo, nene kama keki, anaiita tortilla. Nikakata. Viazi ndani ya mayai. Hii ni chipsi mayai! Nilifurahi nikamwambia kwetu wanauza barabarani usiku na kachumbari. Alinuna kidogo. Alikuwa ameisimamia saa nzima.

#14 Binti Bwiru

Na kutembea kaka? Si tu kula.

#15 Ngosha wa Igoma

Kutembea nilikufanya kazi ya nyumbani, kwa sababu yule bibi usiku lazima akuhoji: umeona nini, kilikuwa na rangi gani, nani alikuwepo. Kwa hiyo ukienda mahali unaangalia huku unatafuta maneno.

Uso wa chuo chao cha zamani ni jiwe lote limechongwa, na humo kuna chura mdogo amekaa juu ya fuvu. Mwanafunzi akimwona mwenyewe anafaulu, ndivyo wanavyosema. Nilisimama dakika arobaini, shingo ikakauka. Mzee mmoja akanihurumia akaninyooshea fimbo. Narudi nyumbani najisifu, bibi ananiambia ukionyeshwa haihesabiki.

Kanisa kuu jipya, na "jipya" lao lilianza kujengwa 1513, lina mwanaanga kachongwa mlangoni, kofia na mabomba yote. Kabla ninyi hamjaanza: alichongwa 1992 walipokarabati, ni saini ya mafundi wa wakati ule.

#16 Kagoma Mkweli

Ndivyo wanavyowaambia.

#17 Ngosha wa Igoma

Nilijua tu.

Plaza Mayor yao ilikamilika 1755, uwanja umezungushwa majengo ya jiwe la rangi ya dhahabu, jioni jua likipiga unaona kama mtu kawasha taa ndani ya mawe. Watu hawafanyi chochote pale, wanazunguka tu, mabibi wameshikana mikono. Wiki ya pili baada ya Pasaka, siku ya Jumatatu, mji mzima ukahamia mtoni, Tormes, na mikate mikubwa iliyojazwa nyama. Nikauliza sherehe ya nini. Binti wa bibi akacheka, bibi akajifanya hasikii. Kumbe zamani makahaba walikuwa wanavushwa ng'ambo ya mto wakati wa Kwaresima, na Jumatatu ile ndiyo wanafunzi walikuwa wanakwenda kuwapokea warudi. Leo ni pikiniki ya familia na watoto.

Lakini kilichonisimamisha ni Segovia, Jumamosi moja, basi la wanafunzi. Kuna mfereji wa maji wa Warumi unapita juu ya mji kwa matao, sehemu ya juu kabisa karibu mita 28. Mwongoza wageni akasema mawe ni graniti na hayana saruji, yamekaa kwa uzito wake. Wenzangu wote "aaah". Mimi nikaangalia, nikawaza mawe ya Capri Point, yale ya Bugando, jiwe la Bismarck limekaa majini pale pembeni halijaombwa saruji na mtu. Tumekulia chini ya mawe yaliyopandana, tunaanika nguo juu yake. Tofauti ni kwamba ya kwao kuna aliyeyapandisha. Usiku nikajaribu kumweleza bibi habari hiyo, nikashindwa kusema "yamejipanga yenyewe", nikajenga kwa vipande vya mkate. Akajibu kwa kuongeza zeituni juu. Ikasimama.

#18 Dagaa Kauzu

Swali la mwisho, la ukweli. Ngozi? Walikutendeaje?

#19 Ngosha wa Igoma

Wengi vizuri. Kuangaliwa utaangaliwa, hasa vijiji vya jirani, watoto hasa. Stendi ya mabasi mara moja kati ya watu arobaini niliombwa pasipoti peke yangu. Nikatoa, wakaangalia, wakarudisha, hawakusema samahani. Tembea na nakala mfukoni. Duka moja mlinzi alinifuata mpaka kwenye sabuni. Nilipomsimulia bibi alitaka twende wote kesho yake akazungumze nao, ilibidi nimshike.

Sasa lile nililoliweka mwisho.

Wiki ya nne narudi naye kutoka sokoni, soko la katikati mji, nabeba mifuko. Tulikuwa tumesimama kwa muuza samaki. Samaki wamelala kwenye barafu, kila rundo na kikaratasi. Nasoma tu kwa mazoezi: merluza, bacalao, sardina. Halafu minofu mikubwa, myeupe, minene. "Perca del Nilo. Lago Victoria. Tanzania."

Nilisoma mara tatu. Sangara! Nikamshika mkono bibi, mkono mzima, kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nikamwambia huyu anatoka kwetu. Muuzaji akadhani nalalamika. Bibi akanunua vipande vinne, na usiku akavipaka unga na chumvi akakaanga.

Pale mezani nilianza kuongea, na sikumbuki nilitafuta neno gani. Nilimweleza mitumbwi inavyotoka jioni, nyavu, mwalo asubuhi, kina mama wanavyogombania bei. Nikamweleza huyu samaki si wa ziwa letu kwa asili, alipandikizwa wakati wa ukoloni, akala samaki wadogo wengi wakatoweka. Nikaeleza viwanda vya Mwanza vinatoa minofu, minofu inapanda ndege, na kinachobaki, kichwa na mifupa, sisi tunaita mapanki, tunakausha, tunakaanga, tunakula. Hakujua neno la mapanki, nikamchorea. Na mabondo, ule mfuko wa hewa tumboni, unakwenda China na bei yake inazidi nyama. Alikuwa anasikiliza, uma uko hewani. Akauliza: kwa hiyo ninyi mnakula mifupa yake? Nikasema na ni mitamu, ukiijua. Akaangalia sahani. Akachukua kipande chake, akakihamishia kwangu, akamega mkate akala na saladi.

Televisheni ilikuwa imezimwa. Niliangalia saa ya ukutani, nilikuwa nimeongea dakika ishirini na tano na Kiingereza hakikupita kichwani hata mara moja.

#20 Mzee wa Pasiansi

Sangara mwenyewe akakufungua ulimi. Haya.

#21 Binti Bwiru

Kaka nipe namba ya huyo bibi basi, nimwambie baba kwamba kuna mtu anamjua.

#22 Ngosha wa Igoma

Namba ya mtu siweki hadharani, mdogo wangu, na kwake lazima upitie shule. Nitumie ujumbe pembeni nikwambie shule ipi na uandike nini kwenye fomu. Sharti la kwanza andika "familia que no hable inglés". Ona na wewe, hable, si habla. Sharti la pili usikubali kukaa na mwenzako wa darasani nyumba moja. Halafu nunua daftari la mistari, chora safu mbili tu, na ya kushoto uandike Kiswahili.

Ukubwa wa ndala mtajie kabisa kwenye simu. Sema 38 kama ni 38.

Fundi kanipigia, gari imepona. Kesho saa kumi na mbili nina wanne wa Valencia wanakwenda Ndabaka. Picha za daftari nitaweka nikirudi Jumapili, Lamadi kwenda mbele mtandao ni wa kubahatisha.